Sare na Shemeji Deus

Tunduma,
Jumanne jioni.

Kwako dada yangu mpendwa Rozi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta salama, tumbo linaendelea kukua vizuri na miguu imeacha kuvimba. Mimi ni mzima, ila vumbi la malori limenikaa kifuani. Mama anakusalimu kutoka Ibaba. Anasema mahindi yamekubali mwaka huu, ila wewe umemsahau.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yenu ni moja, na haya sitaki shemeji ayasikie. Barua nampa Mama Nesta, jirani yangu, anakuja huko Chitete kununua ufuta. Ukimaliza kusoma, iwashie jiko.

Najua umeninunia. Uliniomba kwa upole kwamba mchezo wa mwisho wa chesi nimwachie mumeo. Ulisema mimi bado binti, miaka ipo, lakini yeye umri unamtupa mkono na anatamani kwenda Dodoma kuwakilisha mkoa wetu japo mara moja. Nafasi ilikuwa moja tu. Mimi kwa pointi zangu sare ilinitosha, yeye ilikuwa lazima ashinde. Sikukujibu ndiyo wala hapana, nikaingia ukumbini na neno lako kifuani.

Shemeji alicheza vizuri, sitamnyima haki yake. Kufika mchana kete zilikuwa zimekwisha, kila mmoja kabaki na mfalme na ngome moja, yeye askari wawili, mimi mmoja. Mfalme wangu alikuwa amebanwa kona. Lakini ngome yangu niliiweka mbali, kila mfalme wake akisogea mbele namtishia, anakimbia, anarudi, namtishia tena. Kisha nikaisogeza ngome ile mpaka ikagusana na mfalme wake, akaila.

Wewe unamjua mumeo. Kabla ya chesi alikuwa mtu wa drafti, ile ya vizibo vya soda pale stendi. Kwenye drafti kula ni lazima, ukiacha kula kete yako inaondolewa. Na asiye na pa kwenda ndiye kashindwa. Mambo hayo hayajamtoka mkononi hadi leo. Aliiona ngome ya bure, mkono ukatangulia macho. Akaegemea kiti, akanipa pole, kwamba sasa sina pa kwenda.

Kweli sikuwa napo. Mfalme wangu hakuwa ametishiwa na kete yoyote, ila kila chumba cha ubao kilichomzunguka kilikuwa kimeshikwa, na askari wangu amezibwa na wake. Mwamuzi, Madamu Conjesta, akaja akatazama, akasema kwenye chesi hiyo ni sare. Shemeji kanuni hiyo anaijua, tena ndiye aliyenifundisha. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema eti mimi mtoto nimemtega na yeye kaingia mzima mzima. Sijui kama machozi yale yote yalikuwa ya kicheko.

Tangu hapo sipumui. Wateja wangu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakija kuchukua vitenge wanataka kwanza niwasimulie. Boazi, mwenye duka, kanipangia vizibo mezani nirudie mbele ya watu. Wanasema niliwaza mbali.

Dada, sikuwaza mbali. Sikutega chochote. Nilipoisogeza ile ngome nilikuwa nakutii wewe. Mchezo nilikuwa nimeushika, ningeweza kumzungusha mfalme wake mpaka giza liingie. Nikakukumbuka, nikasema potelea mbali, aile, aende zake Dodoma. Nilidhani baada ya hapo mfalme wangu anabaki na pa kusogea, nisogee, nishindwe kwa heshima. Sikuangalia vizuri, maana nilitaka yaishe.

Kwa hiyo usiseme nilikukatalia. Ulichoniomba nilikifanya, kikagoma chenyewe. Ila kuna jingine. Madamu Conjesta alipotamka sare, nilifurahi. Nilifurahi kweli kweli, na shemeji yuko mbele yangu anafuta macho. Ndipo nilipojua jinsi ninavyoitaka safari hii, na jinsi nilivyokaribia kuitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Kama kufurahi kule ni kosa, nisamehe. Lakini kumwachia mtu mchezo, dada, usiniombe tena. Nitakataa.

Shemeji usimwambie. Kutegwa na mdogo wa mke wake ni jambo anaweza kulicheka hata barazani. Akijua alikuwa anapewa ushindi, hatacheza tena. Msalimie sana, umwambie namwomba aje tufanye mazoezi kabla sijaondoka, hakuna anayeyajua makosa yangu kama yeye.

Jitunze wewe na huyo mgeni wetu aliye njiani. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Goodness