Faili Linatumiwa na Osia

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Vumbi. Foleni ya malori imefika Mpemba tena. Bajaji ilikwama katikati ya malori mawili, nikashuka nikatembea. Nimefika ofisini nimechelewa, na wa kwanza kuniona ni bosi.

Kazi ya wiki amenipa nikiwa bado mlangoni. Anataka kujua programu ya forodha inaganda kwa nini. Makarani wetu hawana programu hiyo kwenye kompyuta zao. Wanaingia kwa mtandao kwenye seva moja iliyoko Dar, programu inakaa huko, sisi mawakala wa forodha hapa mpakani Tunduma tunaona picha yake tu. Mimi ndiye fundi wa ofisi, lakini mpaka wiki iliyopita sikuwa na ruhusa ya kuingia ndani ya hiyo seva. Ikiganda nilikuwa nazima na kuwasha kompyuta za mezani, nijifanye najua. Sasa Dar wametukubalia. Niweke kipima: nani yumo, anatumia nguvu kiasi gani ya seva, anasubiri muda gani kila akibonyeza.

Halafu akashusha sauti. Anachotaka hasa ni kujua habari ya Mama Furaha. Kazi zake zinachelewa tangu mwezi uliopita, madereva wanalalamika. Kama ni mashine, sawa. Kama ni yeye, Ijumaa anamwachisha kazi.

Mama Furaha yuko hapa kabla ya bosi mwenyewe. Nilipoanza kazi ndiye aliyenionyesha karatasi ipi inatangulia ipi, na choo kipi kina maji. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumanne, 10 Juni

Nimeweka kipima. Si kazi ngumu, ni kazi ya uvumilivu, na huo mimi sikupewa. Kuna vitu vingi vya kupima. Ukichagua vyote huoni kitu. Nimechagua nguvu ya seva, nafasi iliyobaki, na kusubiri kwa kila mtu. Kikusanye leo na kesho, keshokutwa nisome.

Meza ya Osia bado imefunikwa kitenge. Mama Furaha ndiye aliyeifunika siku tulipopata taarifa. Osia alikuwa karani mwenzake, meza zao zinatazamana. Mwezi uliopita alitoka kwenda kula, akasema anarudi sasa hivi. Lori likamgonga na pikipiki yake hapo Mpemba. Tulimzika kwao Mbozi.

Hakuna aliyekikalia kiti chake. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka ndugu zake waje wavichukue, na ndugu zake sasa hivi wako kwenye mavuno ya kahawa. Kikombe chake kipo. Kalamu ipo. Bosi hupenda kusema mila ni mambo ya kijijini, lakini hata yeye anaizunguka ile meza.

Wateja wa Osia amepewa Mama Furaha. Hakuna aliyemuuliza kama anawataka.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya.

Bosi hakusubiri nisome. Alikuja akasimama nyuma yangu, akaona mchoro wa kipima, nani anasubiri muda gani. Mistari ya makarani wengine iko chini, imelala. Wa Mama Furaha umepanda mpaka juu. Akasema, "Umeona, fundi? Kompyuta haina undugu." Akaondoka anapiga mluzi.

Nilimfuata. Nilimwambia mchoro unaonyesha anayesubiri, hauonyeshi anayemsubirisha. Akasema nisimfundishe kusoma. Nimejichukia. Nilidhani namsaidia mama wa watu, kumbe nimemnolea kisu anayetaka kumchinja.

Mchana alikuja dirishani dereva wa Kizambia, amebeba shaba. Ni wa wale waliokuwa wateja wa Osia. Amekuwa akilala ndani ya lori tangu Jumapili. Hakugomba. Alimwita Mama Furaha bamayo, ndivyo wanavyomwita mama kwao, akauliza karatasi zake. Mama Furaha akamwomba radhi, avumilie kidogo. Akabonyeza. Akakunja mikono. Akawa anakitazama kioo cha kompyuta, midomo inacheza bila sauti.

Nikamwonea hasira hata yeye. Kwa nini hapigi kelele? Kwa nini haniiti? Mtu anaondolewa kazini Ijumaa na amekaa pale kama yuko ibadani.

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niliuchambua ule mchoro upya. Badala ya kuangalia mtu, niliangalia anafungua nini kila anaposubiri. Wateja wake wa zamani, hasubiri. Anakwenda kasi kuliko hawa vijana wanaomcheka. Wateja wa Osia, anasubiri. Kila faili. Kila ukurasa wa faili. Kwa hiyo si mikono yake, na si macho yake.

Nikafungua orodha ya waliomo ndani ya seva. Majina yetu. Na jina la Osia.

Nilitoka nje. Nilifungua bomba nikanawa uso. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akili iliporudi nikaelewa. Osia alipokwenda kula hakutoka kwenye programu, aliacha kila kitu wazi maana alikuwa anarudi. Jioni ile umeme ulikatika, kompyuta yake ikazimika. Lakini seva iko Dar, haizimwi, na haikupata taarifa. Kwa hiyo seva, Osia bado amekaa pale na mafaili ya wateja wake yako mbele yake. Akaunti yake Dar waliifunga baada ya mazishi, mimi ndiye niliyewaandikia. Kufunga mlango hakumtoi aliyeko ndani. Na hakuna aliyewahi kuipangia seva imtoe mtu aliyekaa kimya.

Nikamwendea Mama Furaha. Nikamuuliza anaposubiri, kioo kinamwandikia nini. Alinitazama sana. Kisha akaniambia. Kinaandika, "Faili linatumiwa na OSIA." Chini yake kuna vitufe: Subiri, na Mtoe. Ukibonyeza Subiri, mwisho programu inachoka yenyewe inakupisha. Ukurasa unaofuata, unaanza upya.

Nikasema, Mama, muda wote huo? Si ungebonyeza Mtoe?

"Mimi ni nani nimtoe?" akasema. "Ndugu zake hawajaja."

Mimi huwa nina jibu la kila kitu, nyumbani wananisema kwa hilo. Hapo nilivuta kiti nikakaa. Hakusema kwa kuchanganyikiwa. Anajua Osia amekufa, alikoroga uji msibani kwake mpaka moshi ukamfumba macho. Anajua ile ni kompyuta. Ni lile neno Mtoe tu, na lile jina juu yake, na mkono wake uwe ndio unaobonyeza. Bosi akimuuliza kwa nini anachelewa, atasemaje? Alikuwa tayari kuondoka kazini kuliko kulisema.

Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimeamua kumtoa mwenyewe. Kubonyeza mara moja tu. Nikapeleka mshale juu ya jina lake. Kidole kikakataa. Mimi, Mndali wa Ileje niliyesoma Mbeya, ninayemcheka bibi yangu na miiko yake. Kikakataa kabisa.

Nikampigia simu baba yake Osia. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za seva, nikaacha. Nilisema kuna kitu cha Osia alikiacha wazi kazini, na tunaona si vizuri kikafungwa na mtu baki. Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, wako shambani, wanachuma. Aliuliza jambo moja tu, kama kitu hicho kinamzuia mtu. Nikasema ndiyo, baba, kinamzuia mama mmoja hapa. Akasema anakuja kesho.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ijumaa, 13 Juni

Bosi alimwita Mama Furaha kabla ya chai. Niliingia nyuma yao bila kubisha. Niliyoyasema sitayaandika yote, mengine si ya kumwambia mtu anayekulipa. Nilimwonyesha faili kwa faili. Nilimwonyesha jina la Osia kwenye orodha.

Bosi aliisoma orodha mara mbili. Halafu akasema, mtoe basi sasa hivi, unangoja nini. Nikasema nangoja baba yake, yuko njiani kutoka Mbozi. Nilijua kabisa anaweza kutuondoa wote wawili. Alitazama nje ya mlango, kule kwenye meza yenye kitenge. Akasema haya, lakini leo hii iishe. Mama Furaha alikuwa ameinamisha kichwa muda wote.

Mzee alifika mchana. Mtu mfupi, koti la suruali nyingine, kucha nyeusi kwa utomvu wa kahawa. Kofia ameishika mkononi. Mama Furaha alipiga goti akamwamkia, wakasalimiana kirefu, yeye na Kinamwanga chake, mzee na Kinyiha chake, wakaelewana. Mzee akatusalimia sote kwa mkono, na bosi pia. Kisha akaiendea meza. Hakuuliza ni ipi.

Aliondoa kitenge mwenyewe. Akakikunja vizuri, akampa Mama Furaha kwa mikono miwili. Akakaa kwenye kiti cha mwanawe.

Niliwasha kompyuta, nikaileta pale kazi ya Osia kutoka kwenye seva. Ikaja vilevile alivyoiacha. Shehena ya mbolea ya kwenda Zambia. Neno la mwisho limeishia katikati. Mzee akauliza, "Hapa ndipo alipokuwa anaandika?" Nikasema ndiyo, baba. Alipangusa vumbi kwenye kioo kwa kiganja, taratibu, kuanzia juu.

Alisema maneno kwa Kinyiha. Sikuyapata yote. Alimwambia mwanawe kazi imeonekana, aache wenzake waendelee, aende apumzike. Hakuomba sana. Alisema kama anayemwambia kijana aliyechelewa shambani arudi nyumbani.

Akauliza abonyeze wapi. Nikamwekea mkono kwenye mausi, nikamwonyesha. Alibonyeza mwenyewe.

Picha ikafungwa. Mama Furaha alilia kwa sauti, nami nikalia, mimi ambaye kwenye mazishi sikutoa chozi na watu wakaniona nina moyo mgumu. Bosi alitoka nje akakaa huko.

Kikombe na kalamu mzee alivitia kwenye mfuko. Hakutaka chakula, kahawa inamngoja. Tulimsindikiza mpaka kwenye gari la Vwawa.

Tuliporudi Mama Furaha aliosha uso, akakaa, akafungua faili la yule dereva wa shaba. Likafunguka. Ukurasa baada ya ukurasa. Jioni lori lilikuwa limeondoka. Sikuangalia mchoro. Sikuwa na haja.

Jumatatu, 16 Juni

Bosi hajaomba radhi. Amekuja na chapati, akaziweka mezani kwa Mama Furaha, akapita. Kwake huko ndiko kuomba radhi. Habari ya kuachishwa haitajwi tena. Mama Furaha amegawa chapati kwa wote, na bosi naye akamwekea moja.

Nimemaliza kupanga kipima. Kilibaki kipengele kimoja, cha kumtoa mtu aliyekaa kimya muda mrefu. Wengi huweka seva imtoe yenyewe. Mimi nimeweka initaarifu kwanza, nimpigie simu huyo mtu, nijue yuko wapi. Watu wa Dar wameandika kuniuliza kwa nini najipa kazi. Nimewajibu kwamba mtu asipoonekana, kwanza anatafutwa.

Kiti cha Osia kipo. Hakuna aliyekikalia bado, ila leo bosi hakuizunguka ile meza, amepita karibu.

Mchana Mama Furaha alisimama kwenda kula. Alifunga faili, akafunga programu, akatoka kabisa kwenye seva, akangoja mpaka kioo kikawa kitupu. Hakuna aliyemwagiza. Wengine wakafanya vivyo hivyo, bila kusemezana. Majina yakapungua kwenye orodha yangu mpaka likabaki langu.

Nikatoka na mimi, nikaenda kula.