Kamba ya Mlango wa Jikoni

Leo nimemfungia mama yangu mzazi ndani, kama mbuzi. Sijamwambia mtu yeyote.

Ni Jumamosi jioni. Mawingu yamejaa upande wa Tororo lakini mvua haiji. Mwandiko wangu, ambao Sista aliyetufundisha aliusifu, leo umekuwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Naandika kwa Kiswahili cha shuleni kwa sababu hapa nyumbani ni mimi peke yangu ninayekisoma.

Tangu nimalize shule mwezi wa kumi na mbili, nashinda na mama kutwa nzima, na nimeyaona mambo ambayo baba hayaoni. Mama hutia chumvi mara tatu. Huniuliza shule itafunguliwa lini, nikimjibu kwamba nimemaliza hufurahi, kisha huuliza tena. Juzi nilimkuta ameketi katikati ya shamba letu la pamba, shamba alilolilima miaka yote, analia kwa sababu hajui njia ya kurudi nyumbani.

Mama si mzee sana. Meno yake yote yapo.

Baba akiuliza, nasema amechoka. Mboga naionja mimi kwanza. Nimeficha kwa sababu watu wakijua watasema amelogwa, au vibaya zaidi, kwamba mlozi ni yeye.

Leo alikuja shemeji Owori, mume wa dada yangu Nekesa, kuleta ng'ombe wa mwisho wa mahari. Yeye si Msamia kama sisi, ni Mjopadhola wa Paya, anafanya kazi reli kule Tororo, kwa hiyo tunasema naye Kiswahili. Alifuatana na mjomba wake ambaye ndiye mshenga.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso. Mkwe akiingia uani, mama huingia jikoni na kufunga mlango mpaka mgeni aondoke. Wakishikana mikono ni aibu kubwa, na wazee wanaweza kumrudisha binti nyumbani. Nekesa ana mimba ya miezi saba.

Asubuhi nilimwambia mama mara tatu kwamba Owori anakuja. Mara zote tatu aliniuliza, "Owori ndiye nani?"

Nikaogopa. Walipoingia uani nilimpeleka mama jikoni, nikafunga mlango kwa nje kwa kamba ya katani. Nikafunga mafundo mawili. Baba alipoenda na mshenga zizini kumtazama ng'ombe, Owori alibaki uani, na mimi nilikwenda kisimani. Nilijiambia kwamba nafanya vizuri.

Nilikuwa narudi na mtungi kichwani nilipouona moshi. Haukuwa moshi wa kupikia. Ulikuwa mweusi, unatoka chini ya mlango. Mama alikuwa ametia ungo motoni, na nyasi kavu ziko pale pale pembeni. Nilimsikia akipiga mlango na kuita, "Mama! Mama, nifungulie!" Alikuwa anamwita bibi, mama yake aliyekufa kabla sijazaliwa.

Mtungi ulianguka. Nilikimbia, lakini Owori alikuwa ameshafika. Aliikata kamba kwa kisu chake, akamvuta mama nje, kisha akaingia kuukanyaga ule moto. Alipotoka, mama alimshika mikono yote miwili, akamtazama usoni, akacheka kwa furaha. Alimwambia kwa Kisamia, "Wandera! Umerudi! Mbona umekonda hivi, jeshini hawali ugali?"

Wandera ni kaka yake. Alikwenda vita vya Burma na hakurudi.

Owori alikuwa amefumba macho na kugeuza kichwa. "Mama, niachie. Mimi ni mkwe wako." Mama hakumwachia. Mimi nilisimama kama gogo.

Kisha Owori akafumbua macho, akaiona kamba chini. Aliitazama, akanitazama mimi. Aliuchomoa mkono mmoja, akaiokota, akaitia mfukoni mwa koti lake. Akauliza polepole, "Mama ni mgonjwa tangu lini?"

Mgonjwa! Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na moshi. Miezi yote hii nimelifikiria jambo hili kama aibu, kama laana. Neno hilo halikunijia hata siku moja.

"Babu yangu alikuwa hivi," akasema. "Tulimpa wimbi apepete, siku nzima anapepeta, na mtu mmoja anakaa naye. Usimfungie ndani, Ajiambo. Mtu wa namna hii hawezi kujiokoa."

Baba na mshenga wakafika mbio. Mshenga alipoona mkono wa mkwe mikononi mwa mama, alipiga makofi na kupaza sauti, "Haya! Moshi wa treni umemla huyu macho! Owori, umekosa milango yote duniani isipokuwa wa mama mkwe?"

"Nimekosa, mjomba," Owori akasema. "Niliona moshi, nikafungua. Mimi ndiye niliyemshika."

Kamba hakuitaja.

Wageni wameondoka bila kula, na kesho baada ya misa wazee watakaa juu ya jambo hili. Wakiamua kwamba mama alimshika mkwe kwa kusudi, Nekesa atarudishwa na mimba yake.

Nimekwisha kuamua. Mimi ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono, kesho nitasimama mbele ya wazee na kusema kwamba mama yangu ni mgonjwa. Nitaeleza habari za chumvi na za shamba la pamba. Mgonjwa hana kusudi. Watakalosema juu ya ulozi na waliseme mbele yangu.

Sasa hivi mama ameingia na kuniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Hakumbuki moto. Hakumbuki ni nani aliyemfungia. Amenipangusa uso kwa khanga yake, akaniita mwanangu, ingawa jina langu hakulitaja.

Ugonjwa nitausema. Mafundo yale mawili siwezi kuyasema, bado siwezi. Wewe unayesoma hapa, kama yupo atakayesoma, nakuomba usimwambie mtu.