Mama Amekiona Kivuli cha Babu

Élisabethville, Jumapili

Miaka yote ninachonga sanamu kama zile za kwetu Uluba, na mama anazipapasa tu. Macho yake sasa yanatofautisha mwanga na giza, basi. Niliogopa atakufa hajaona kazi yangu hata moja.

Leo nilifunga madirisha, nikatundika shuka, nikawasha taa nyuma. Nikachezesha mbele ya taa kibao chembamba nilichokichonga umbo la mzee, kivuli kikajaa shuka nzima.

Mama akasema: "Ule muzee iko baba yangu! Angalia vile anainama."

"Njo yeye, mama," nilikubali.

"Juu ya nini ulimutia tumbo? Hakukuwa munene."

Nilicheka sana. Nikachukua kisu, nikapunguza, yeye akiangalia shuka.

"Bado. Bado kidogo. Acha sasa, utamumaliza baba yangu."