Miguu ya Juma

Baba Hamisi,

Natumaini wewe na mwanetu mmeamka salama hapo Utemini. Huku Mitundu kuna upepo wa baridi, na kijiji kizima kinavuna uwele kwenye shamba la ujamaa.

Jana mdogo wangu Asha alikuwa akisonga ugali, mwanawe Juma akaingia mbio, kaptula imechanika kwa kupanda mti wenye mzinga wa nyuki. Unakumbuka alizaliwa mwezi mmoja na Hamisi wetu. Asha akamfokea, kisha akaniambia, "Dada, huyu hatulii. Mungu angempunguzia miguu kidogo, ningepumzika."

Maneno hayo yakanichoma. Mwaka jana Hamisi alitembea kwa kushika ukuta, mwaka huu misuli imekataa hata kusimama, na mwenzangu anaomba miguu ipunguzwe. Nikamwambia, "Wangu angechana kaptula kila siku, ningeshona huku nacheka." Asha akaweka mwiko chini, akalia. Wivu wangu haukuisha hata hivyo.

Juma akanisogelea. "Mama mkubwa, mlete Hamisi. Nitambeba mgongoni nimpeleke kuona nyuki."

Ilinipasa nishukuru. Lakini wivu ulinipanda upya, maana kumbeba mwanangu ni haki yangu.

Jumamosi narudi na asali ya Hamisi. Mkande miguu kwa maji ya moto kila jioni. Ila usimzoeze sana mgongo wako, mume wangu. Niachie nafasi yangu.

Mkeo akupendaye,
Mama Hamisi