Kwa Babu Simoni Magembe, Niliyemwelekeza Geti la Nyuma

Mwaka umetimia, Babu, tangu asubuhi ile ya Agosti ulipotutoka, buti moja likiwa mguuni na la pili umelishika mkononi. Bibi Holo alidhani umejipumzisha kwenye benchi la nje. Alikuita mara mbili kwamba uji unapoa. Haikuwa kawaida yako kuacha uji upoe.

Familia imekaa kikao na kunikabidhi mimi, Loyce, binti wa mwanao Nathan, mwanafunzi wa kidato cha nne, kazi ya kuandika kumbukumbu hii, itakayosomwa ibadani Jumapili na kubandikwa kwenye ubao wa kanisa. Sababu zilizotajwa ni mbili. Ya kwanza, nina alama nzuri za Kiswahili. Ya pili, mjukuu ni mtani wa babu yake, kwa hiyo hata akikosea atasamehewa. Kikao hakikujua kilikuwa kinamwambia nani maneno hayo.

Wapo watakaosoma hapa ambao hawakukujua kabla hujahamia Kisarawe. Niwaeleze kwa ufupi, nawe uvumilie.

Uliingia Dutumi kutoka Maswa ukiwa kijana, ukiswaga ng'ombe, na kwa zaidi ya miaka thelathini ukawa mtu wa ng'ombe. Saa ya mkononi hukuwa nayo. Ulijua saa kwa kelele za ndama. Ukaja ule ukame. Lambo likakauka, ng'ombe wakaanza kulala wasiamke. Katika zizi lililojaa walibaki sita. Baba anasema ulizunguka zizini ukiita majina ya wote, hata ya waliokwisha kufa.

Ndugu zako wakapiga simu kutoka Maswa. Kwao jambo lilikuwa jepesi: aliyeishiwa mifugo hurudi kwa ndugu, hupewa ng'ombe wa kulisha, na baada ya miaka anapata ndama wake mwenyewe. Ukawashukuru. Ukawaambia umeomba siku saba na Mungu anataka uanze upya, tena bila ng'ombe.

"Bila ng'ombe?" Kaka yako alipaza sauti hadi sisi tuliokaa mbali tukaisikia. "Simoni, unaumwa?"

"Siumwi."

"Una miaka sitini na sita!"

"Abrahamu aliitwa akiwa na sabini na mitano," ukamjibu. "Mimi nimewahishwa."

Bibi alikuuliza swali moja tu. "Amekwambia tutakula nini?"

"Hapo bado hajafika."

Bibi akainuka, akaanza kufunga vyombo.

Ukauza wale sita, ukapata shamba Kisarawe, upande wa Maneromango. Jirani yenu wa kwanza akawa Bi Siwema, mama wa Kizaramo ambaye ukoo wake umelima pale tangu enzi za mababu. Aliposikia wewe ni Msukuma alifurahi kama aliyeokota kito, maana Wazaramo na Wasukuma ni watani, na yeye hakuwa amepata wa kumtania kwa siku nyingi. Ndiye aliyekufundisha kupanda mananasi. Ulijifunza yote vizuri, ila ulipomaliza kupanda ulikata miiba ukalizungushia shamba boma.

"Mtani, unazuia nini?" akauliza.

"Nalinda."

"Nanasi halina miguu! Au la Kisukuma hutoroka?"

Hukulibomoa. Kila jioni ulisimama mlangoni pa boma na fimbo yako, ukayakagua kama yanaingia zizini. Mistari uliipa majina ya ng'ombe wako: Madoa, Mkia Mfupi, Mama Huruma. Mgeni akija ulimwambia kwa uso mkavu kwamba Madoa anachelewa kuzaa mwaka huu, na mgeni alikupa pole.

Mimi, kwa heshima zote zinazonistahili, nilichangia. Likizo moja nilichukua kengele ya ng'ombe iliyobaki na kuifunga kwenye nanasi lililokuwa kubwa kuliko yote, mahali penye upepo. Asubuhi ulitoka mbio na fimbo, shati umelivaa nje ndani. Ulipoona ni nini ulicheka hadi ukakaa chini kwenye umande. Nilikuja kutoka mafichoni nikakaa na wewe, tukacheka pamoja. Siku ya kurudi shule nilifungua tranka langu mbele ya matroni, na juu ya sare zangu kulikuwa na nanasi lenye kengele shingoni.

Hiyo ndiyo sheria ya utani uliyonifundisha. Anayetania hakimbii. Humfuata aliyemtania, wakacheke wote wawili. Asipomfuata, huo si utani tena.

Sasa nifike ninapotakiwa kufika.

Nilipoingia kidato cha kwanza, hapa Kibaha, kila msichana bwenini alikuwa na kitu: baba mwenye malori, mama benki. Mimi nikasema babu yangu ana ng'ombe mia tatu. Hawakuwahi kufika mia tatu hata katika neema, na wakati huo hakuwepo hata mmoja. Lakini mimi niliendelea kuwalisha kwa mdomo. Nikiulizwa nilisema wamezaa. Kufikia kidato cha tatu walikuwa karibu mia nne, na rafiki yangu Kudra alikuwa ameahidiwa ndama.

Siku ya wazazi, Mei ya mwaka huo wa kidato cha tatu, Baba alikuwa safarini, na wewe hukutaka nikose mtu. Ulibadili gari mara tatu, ukashuka Maili Moja na kiroba cha mananasi begani, ukaja kwa miguu. Ulikuwa umevaa koti la kijivu uliloozeshea Baba, na suruali umeikunja kwa ajili ya matope ya masika. Nilikuwa getini na wenzangu sita.

"Mke wangu!" uliita kutoka ng'ambo ya barabara. "Mke wangu Loyce yuko wapi? Mumewe amekuja!"

Ndivyo ulivyoniita tangu nikiwa mgongoni, kama babu yeyote amwitavyo mjukuu wake wa kike. Kila mtu pale alikuwa na babu anayemwita hivyo. Halikuwa neno lililonitisha. Kilichonitisha ni kiroba.

"Huyu mzee anakuita wewe?" Kudra akauliza.

Nikavaa ule uso wangu wa kutania, ambao unaujua. "Shikamoo mzee," nikasema. "Umepotea njia. Wauza mananasi wanapita geti la nyuma, jikoni."

Ulinitazama. Ukatazama wenzangu. Halafu ukacheka.

"Marahaba, dada. Nisamehe, macho ya uzee haya. Hilo geti la nyuma liko wapi?"

"Zunguka ukuta, fuata harufu ya maharage."

Wote wakaangua kicheko. Ulitikisa kichwa kama mtu aliyepigwa chenga safi, ukajitwika kiroba, ukazunguka ukuta. Hukuwahi kuniita dada kabla ya siku ile wala baada yake.

Nilijiambia ni utani na kwamba umeuelewa. Nilijiambia nitakufuata baada ya hotuba ya mkuu wa shule. Baada ya hotuba nikasema baada ya chakula. Nilikula wali na familia ya Kudra. Mama yake aliniuliza kama wangu hawakuja, nikasema wako mbali na ng'ombe.

Jumatatu mpishi wetu, Mzee Maneno, alikuwa anagawa vipande vya nanasi kwenye foleni, akicheka peke yake. "Kuna mzee wa ajabu alikuja jana," akasema. "Kagawa mananasi yote bure, kisha kakaa pale kwenye gogo la kuni hadi saa kumi. Namwambia, mzee, magari yatakuishia. Ananiambia anamngoja mke wake. Nikamwambia, babu, hii ni shule ya wasichana, humu hamna mke wa mtu!"

Foleni nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, Babu. Kisha nikala kile kipande, kwa sababu wote walikuwa wananitazama.

Uliporudi nyumbani uliwaambia kwamba umeniona, nimenenepa, na kwamba tulicheka sana. Hilo nililikuta likizo ya Juni. Ulinipokea kwa lile jina langu, ukanitania kwamba shule inanifundisha kulala. Tukakaa mimi na wewe nyuma ya nyumba tukimenya muhogo, na bila kuulizwa ukaanza kuzungumza.

"Nilipoanza kuuza mananasi Maili Moja nilivuta kofia hadi puani," ulisema. "Wachuuzi wa ng'ombe wanaonijua wanapita pale. Siku moja mmoja akanunua kwangu asinitambue. Nikafurahi. Halafu nikaona haya kwamba nimefurahi. Nikamwambia Mungu, umenipa shamba, basi nipe na uso wa kulitokea."

"Akakupa?"

"Kidogo kidogo. Ukimwamini akuanzishe upya, mke wangu, anaanza na miguu. Uso unakuja nyuma."

Ulimenya muhogo wa pili, wa tatu, wa nne, bila neno. Najua sasa kwamba ile ilikuwa zamu yangu. Nikakuuliza kama nyumbani kuna chumvi.

Mwezi Agosti nikaitwa ofisini kwa matroni.

Kwenye maziko yako Bi Siwema alikuja kufanya kazi ya mtani. Alivaa kofia yako na buti zako, akashika fimbo, akaviringisha mananasi matatu mbele ya waombolezaji akiyaswaga. "Hooo! Madoa, rudi! Mkia Mfupi, mwenye mali amelala, mnataka kutoroka?" Watu walilia na kucheka kwa pumzi moja, hata mchungaji alijificha nyuma ya Biblia. Kisha akanielekezea fimbo. "Haya, mke wa marehemu! Wewe ndiye bingwa. Tuchekeshe."

Uwanja mzima ulinigeukia. Nilifungua mdomo, nikakimbilia nyuma ya nyumba. Walinifuata na maji na kitenge, wakasema mtoto alimpenda sana babu yake. Nilipokea pole zile zote, na hazikuwa zangu.

Rasimu ya kwanza ya kumbukumbu hii ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na nguzo, taa, mwamba na pengo lisilozibika. Niliisoma sebuleni mbele ya Baba, Shangazi Devotha na Bibi. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyu marehemu ni wa nyumba gani?"

Shangazi akacheka. Mimi sikuweza. Niliweka karatasi chini nikawaeleza, kuanzia ng'ombe mia tatu hadi chumvi.

"Hayo hayaandikwi, Loyce," Baba akasema. "Watu kanisani watatuonaje?"

"Hivyo hivyo ndivyo alivyofikiri huyu mwanao pale getini," Bibi akamjibu. Kisha akanigeukia. "Siku ile alirudi mvua inamnyeshea, koti amelikunja kwapani. Nikamwambia, mzee, livae, utaugua. Akasema hapana, hili lilikuwa la kuonana na watu."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeshikilia kicheko chako cha getini kama ushahidi wa utetezi. Ushahidi huo umetupwa nje.

"Alinisamehe, Bibi?"

"Sijui," akasema. "Hakuniambia, nami sitakudanganya ili ulale vizuri. Muulize Mungu, na usimharakishe. Ila andika."

Basi nimeandika. Jumatatu iliyopita, kabla ya karatasi hii kupelekwa kanisani, niliisoma kwanza bwenini. Hakuna aliyecheka, na mimi ndiye niliyezoea kuwachekesha. Kudra alitaka kujua kama ndama wake naye hayupo. Nikamwambia hayupo, hajawahi kuwapo. Hajazungumza nami tangu siku hiyo. Wengine wanapunguza sauti nikipita. Nimekuwa mgeni mahali nilipokaa miaka minne, sina sifa, sina ng'ombe, na mtihani wa taifa uko mbele.

Ulipohamia Maneromango ulipanda miche ukiambiwa itazaa baada ya mwaka na nusu. Hukuwa na uhakika wowote, na bado asubuhi uliamka ukaenda shambani. Nilidhani ulikuwa jasiri. Sasa nafikiri ulikuwa unaona haya na unakwenda hivyo hivyo. Mimi nami sijui kama nimesamehewa. Naomba kila siku, na nikimaliza naingia darasani.

Unakumbukwa na mkeo Holo, ambaye sasa ndiye anayeswaga mananasi. Wanao Nathan na Devotha. Ndugu zako wote wa Maswa na Dutumi. Mtani wako Bi Siwema, anayesema bado unamdai matusi mawili. Wajukuu zako wote. Na Loyce, mjukuu wako, aliyeandika.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Daima tutakutaja, Babu. Hata mbele za watu.