Mama Ishwari na Mchuzi Usio na Maganda

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipokaa kitandani ukitafuta kandambili kwa miguu, ukashindwa kusimama tena. Kesho yake Kambi Namba Tatu, mtaa wetu wote, ilikuwa inapiga ngoma za kumkaribisha mungu Ganesh, na sisi tulikuwa ndani tumefunga madirisha. Mdogo wangu Hiro amesema tangazo hili la gazeti niliandike mimi kwa kuwa ndimi dada mkubwa, na kwa kuwa la mwaka jana pia niliandika mimi. Hiyo sababu ya pili aliisema polepole, akinitazama usoni.

Ulikuwa mtu wa jikoni, tena jiko la kila siku. Wenzako walisifiwa kwa vyakula vya harusi. Wewe ulikuwa na mchuzi wako wa nyanya: leo umetia viazi, kesho bamia, keshokutwa mizizi ya yungiyungi kama umeipata sokoni. Chapati zilizolala ulizikatakata asubuhi ukazichemsha humohumo, Baba akazila na papadi, vile vikaki vyembamba vya dengu, kabla ya kwenda kufungua duka la vitambaa. Ukiulizwa umetia nini, ulijibu mafuta, bizari nyembamba, pilipili mbichi, manjano, na kotmiri mwishoni. Watu walidhani unawaficha kitu.

Hukuwa unawaficha, ila wao hawakuwa na bati lako. Bibi alilikata kutoka kwenye mkebe wa samli akalitoboa kwa msumari liwe kikunio, siku za mwanzo za kambi ya wakimbizi, walipofika kutoka Shikarpur na mabunda ya nguo tu. Ulikuwa unaipasua nyanya katikati, unaisugua kwenye bati upande wa ndani, mpaka ganda linabaki tupu kiganjani, ndipo unalitupa. Mchuzi wako ulikuwa laini, mtoto asiye na meno aliweza kuula. Mkweo Kanchan, mke wa Hiro, alijikata kidole kwenye bati hilo wiki ya kwanza ya ndoa yake, akaapa halishiki tena maishani. Yeye nyanya anazikata kwa kisu. Ulikuwa ukimtania mezani, "Leo tunakula nyanya na nguo zake?" naye akicheka mpaka machozi.

Na ulikuwa ndiye mwenye Thadri, sikukuu ya jiko baridi, mtaani kwetu. Jioni ya kuamkia siku hiyo wanawake walikuja kukuuliza saa ya kulizima jiko, maji wanyunyize vipi, mikate mitamu ya kumtolea Devi, mungu wetu wa kike, iwe mingapi. Siku yenyewe moto hauwashwi, watu wanakula vilivyopikwa jana, baridi hivyohivyo, na wewe ulikuwa ukipita mlango kwa mlango ukichungulia majiko ya watu. Niliwahi kukuona ukimrudisha mke wa mwalimu ndani na birika lake la chai. Nami nimekua hivyo, nikijua kwamba kwetu jambo hilo halina mzaha.

Sasa nifike kwenye lile nililokuja kusema. Unanijua, mdomo wangu hauna breki.

Thadri ya mwaka jana nilitoka kwangu saa sita mchana na sahani ya mikate mitamu. Wengine wote walikuwa kwenye ibada, Baba na Hiro pia. Nikakuta mlango wako umefungwa kwa ndani, mchana kweupe. Nikagonga, mkakawia kufungua. Nilipoingia harufu ilinipokea mlangoni: bizari iliyokaangwa sasa hivi. Jiko lilikuwa la moto, sufuria ya mchuzi wa nyanya inatoa mvuke, na Kanchan amesimama kando yake na kijiko. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda, umeshika magoti yako.

Niliuliza nani kawasha moto. Ulifungua mdomo, Mama. Hilo nimelikumbuka mwaka mzima na sikulielewa mwaka mzima. Ulifungua mdomo, na Kanchan akakuwahi.

"Mimi, Dada," akasema. "Nilikuwa na njaa."

Nilipandwa na mori. Nilimwambia maneno ambayo gazeti hili halitayachapa. Nikaishika ile sufuria kwa upindo wa sari yangu, nikatoka nayo uani, nikaumwaga mchuzi wote kwenye mfereji mbele ya majirani waliokuwa wanarudi kutoka ibadani. Ulisimama mlangoni ukaniita jina langu mara moja tu. Nilidhani unaniunga mkono.

Sikukanyaga kwako siku kumi na moja. Nilisema sitakula nyumba ile mpaka yule mwanamke aombe radhi. Ulinipigia simu mara mbili, Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa nimeishika mkononi, naliona jina lako, nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Nilitaka uonje hasira yangu kidogo. Jumamosi asubuhi Hiro akanipigia, hiyo nikapokea.

Daktari alikuwa ameshatuambia juu ya moyo wako tangu mwaka wa nyuma yake. Tulijua sote. Lakini siku ya msiba watu wamejaa uani, nilimnyooshea Kanchan kidole nikasema, "Umewasha moto siku ya Devi, na Devi amemchukua mama yangu." Yeye alikuwa amekaa chini karibu na miguu yako, amejifunika kichwa, na mkono mmoja ameuweka tumboni. Kwamba ana mimba ya miezi mitatu hatukuwa tunajua, maana kwetu habari hiyo haitangazwi mapema. Wewe ulijua.

Kisha nikaandika tangazo la msiba. Nikaorodhesha mume, mwana, binti, wajukuu, hata binamu wa Jaipur ambao hawajawahi kukutembelea. Jina la mkwe wako pekee sikuliandika. Hiro alipoliona lilikuwa limeshachapwa. Kanchan akalikata gazetini kwa mkasi, akalitia kwenye mkoba wake, akaenda kwao Kalyan kujifungua, kama wake wetu wote waendavyo kwa mtoto wa kwanza. Ila hakurudi. Mtoto wa kike sasa ana miezi sita, Hiro anamwona Jumapili kwa Jumapili kama mgeni, na Baba hajambeba hata mara moja.

Wiki iliyopita nilikuja jikoni kwako kujaribu mchuzi wa hitima yako, maana siku ya mwaka kuhani lazima alishwe kile marehemu alichokuwa akikipenda. Nilikuwa na haraka, nikazikata nyanya kwa kisu. Tulipokaa kula, Baba alianza kuyatoa maganda mdomoni, moja moja, akiyapanga ukingoni mwa sahani. Akasema mama yenu hakuwahi kunilisha maganda. Hiro akasema hata Kanchan hupika hivyohivyo na maganda yake, ndiyo maana Mama alikuwa anamtania.

Nikalirudisha tonge sahanini. Mfereji wetu una wavu, Mama. Kila kitu kigumu kinanasa pale. Siku ile nilipoumwaga ule mchuzi ulipita wote, mwekundu, laini, hakikubaki hata kipande cha ganda. Na bati la Bibi lilikuwa dirishani linachuruzika maji. Nililiona. Nililiona kwa macho yangu haya, nikalipita, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kupiga kelele.

Nikamuuliza Hiro kama Kanchan amewahi kulishika lile bati tena tangu akatwe. Akasema hata kuliosha haoshi, ulikuwa ukiliosha wewe. Baba alituangalia mmoja baada ya mwingine, akasukuma sahani.

Kesho yake nilipanda treni ya asubuhi kwenda Kalyan. Wifi yangu alinikaribisha sebuleni kwao kama anavyokaribishwa mtu wa kudai, maji kwenye glasi, yeye mwenyewe amesimama. Nikamwambia mchuzi niliomwaga haukuwa na maganda. Nilidhani nitahitaji kueleza, lakini aliketi palepale.

Alinisimulia bila kupandisha sauti. Siku mbili kitu kilikuwa hakikai tumboni mwake. Vile vya kukaanga vya jana, vya baridi, alikuwa akivitazama tu anatapika. Ukamwuliza roho yake inataka nini, akasema mchuzi wako wa nyanya, wa moto, na wali. Kisha akajuta kusema, akakushika mkono usiwashe. Ukafunga mlango, ukatwaa nyanya nne na bati.

"Akaniambia, Devi naye ni mama," Kanchan akasema. "Nitazungumza naye mwenyewe."

Nikamwuliza kwa nini alijitwisha kosa lisilo lake. Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga, na nilikuwa nimeuliza swali la kijinga. Alisema mtaa mzima ulikuwa unakuja kwako kuuliza habari za jiko, angekuachaje uaibike mlangoni kwako? Ulitaka kunifuata jioni ileile unieleze, yeye ndiye aliyekuzuia, akasema mwache Dada apoe kwanza. Baadaye ulipofariki, ndiyo ikawa haisemeki kabisa. Watu wangesema umejiitia kifo kwa mkono wako. Akaona heri waseme yeye.

Mchuzi wenyewe, Mama, hakuwahi kuuonja. Alikuwa ndiyo kwanza anachota.

Niliomba radhi. Niliomba nikiwa nimekaa sakafuni, na mimi sikai sakafuni kwa watu, magoti yangu unayajua. Nikamwomba aje awashe jiko siku ya hitima yako. Alikwenda chumbani akarudi na kile kipande cha gazeti, kimekunjwa mara nne, akakiweka mbele yangu.

"Nirudishe uliponitoa," akasema. "Jina langu tu. Habari ya moto usiiandike, Dada. Nikilisoma ndiyo nitajua kama nivae viatu."

Basi palepale nilimwahidi kwamba nitaandika jina tu. Nikaandika, nikalisoma, nikalichana. Jina tu bila moto lingekuwa msamaha, na mtu husamehewa alichokosa. Yeye alikosa nini? Nikamsomea Baba hiki unachokisikia. Alikasirika, akauliza kama nataka kumwanika mama yangu gazetini, wanawake wa Thadri wote wakisoma. Nikamwambia ulinipigia simu mara mbili, na hukuwa mtu wa kupiga simu kwa salamu. Ulikuwa na neno, nami nikakuzuia kulisema. Sasa linasemwa.

Baba alikaa na hilo kutwa nzima. Jioni akaniita. "Mwaka mzima nimekula maganda," akasema. "Andika."

Nimevunja ahadi niliyompa Kanchan, Mama, na kama hatakuja kwa ajili hiyo, nimestahili. Hiro atalichukua gazeti hili likiwa bado na harufu ya wino, apande nalo treni ya kwanza. Kuhani anafika saa sita. Jiko lako tumelizima tangu jana na hakuna atakayeliwasha ila yeye. Nyanya nimezikuna mwenyewe kwenye bati la Bibi, zote, na vidole vyangu viwili vimefungwa kitambaa. Ziko kwenye bakuli, nimezifunika. Kama mlango hautagongwa, kuhani atakula matunda na sote tutashinda na njaa, kama ulivyomwona Kanchan akishinda na njaa siku ile kwa sababu yangu.

Wanaokukumbuka ni:

Kanchan, mkweo, uliyemwashia moto.

Bhavna, mjukuu wako, uliyempikia kabla hajazaliwa.

Tekchand, mumeo.

Hiro, mwanao.

Wajukuu wako wengine, na ndugu wote wa Ulhasnagar, Kalyan na Jaipur.

Na mimi Vishni, binti yako, ambaye sikupokea simu.

Hatutakusahau, Mama, siku zote tulizobakiwa nazo.