Baba, Zilibaki Mita Kumi

Mpendwa Baba,

Leo sikuamkii kwanza. Najua ungeishusha barua hii mezani, ukavua miwani na kuuliza, "Huyu mtoto kalelewa na nani?" Nivumilie. Salamu yako ninayo, nimekaa nayo mwaka mzima, nitakupa nikifika mwisho. Ukisoma utaona kwa nini sistahili kuanza nayo.

Kaka Tito ameniandikia. Mwezi ujao watalijengea kaburi lako, Mama kachagua vigae vyeupe, na usharika mzima umealikwa. Anataka niandike maneno machache yasomwe pale, kuhusu jinsi nilivyokutunza ulipokuja kwangu Amerika. "Wewe ndiye uliyemfaidi mwishoni," anasema. "Andika, watu wasikie." Barua hiyo nimeianza mara sita. Nikifika kwenye neno "nilimtunza", kalamu inagoma. Basi nimeamua kukuandikia wewe mwenyewe, waziwazi, halafu Tito aisome hii mbele ya wote, kama atakuwa na ubavu.

Ulifika Januari ya mwaka tisini na nane, ukiwa na futikamba. Jamani, Baba! Wenzako wanawaletea watoto wao dagaa, karanga, unga wa ulezi. Wewe ulifungua begi pale sebuleni kwetu mjini Falls Church ukatoa futikamba yako ya shuleni, ile ya mita thelathini kwenye mfuko wa ngozi, uliyopimia miruko ya wanafunzi miaka yote ya ualimu wako wa michezo. Nilicheka mpaka Njeri, yule Mkenya niliyepanga naye, akatoka chumbani kuona kuna nini.

"Sasa Mwalimu, hiyo ni ya kupima nini huku?" akakuuliza.

"Sijui bado," ukamjibu, uso mkavu. "Ndiyo maana nimekuja nayo."

Mwezi wa pili ukajua. Yakaanza yale mashindano makubwa ya dunia ya michezo ya baridi, kule Japani, na wewe ambaye tivii ya huku ilikuwa imekuchosha kwa matangazo ya sabuni, ukatulia kimya. Nilirudi kutoka kazini nikakuta umesogeza kiti mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Subira! Njoo uone! Watu wazima wamefunga mbao miguuni wanajitupa kutoka mlimani!" Nikaja na koti langu mwilini. Mwanaume mmoja alikuwa amekaa juu kabisa ya mteremko, akajiachia, akashuka kwa kasi ya kutisha, na pale mteremko ulipokatika akaendelea tu, hewani, kifua kimelalia zile mbao. "Hawa wana wazazi kweli?" ukauliza. "Wazazi wao wapo hai, na wanaangalia?"

Kilichokuteka zaidi ni kutua kwao. Akitua vizuri, mrukaji hutanguliza mguu mmoja, magoti yakakunjwa, mikono ikafunguka. Wewe ukapiga makofi. "Umeona? Anatua kwa kupiga goti! Huyu kalelewa." Aliyetua miguu sambamba ulimkata pointi kwa penseli, nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Nilipokuambia kwamba mimi naangalia nani kaenda mbali, ulinikemea kama niko darasa la nne: "Usiangalie alivyoruka. Kule juu ni mlima unamsukuma. Angalia anavyotua."

Ila umbali ulikusumbua. Mtangazaji aliposema mita mia na thelathini, ulibishana na tivii. "Mia na thelathini? Mvulana wangu bora aliruka sita na nusu, shule nzima ikamkimbilia!" Ukapiga hesabu kwenye bahasha ukapata futi mia nne na ishirini na sita. Hapo ukaanza kucheka hadi machozi. Nyumbani tukisema mtu kamruka mwenzake futi mia, kila mmoja anajua amemkana kweupe, mchana, bila haya. "Kumbe hiyo futi mia yetu ni ya watoto," ukasema. "Huku wanaruka mia nne!" Tangu siku hiyo, Njeri akikataa kwamba si yeye aliyemaliza maziwa, tulimpigia kelele wote wawili: "Karuka mia nne huyo!" Sijawahi kufurahi katika nyumba ile kama wiki ile, Baba. Nataka Mama alijue na hilo.

Sasa nifike kwenye Alhamisi ya wiki ile.

Gari langu lilikuwa gereji, na bosi wangu wa kule Herndon akanipa lifti mpaka nyumbani. Ni mwanamke mpole, msafi, gari lake lilinukia maua. Theluji ya juzi yake ilikuwa imeyeyuka nusu, na maegesho yetu yote ni matope meusi. Kitu cha kwanza nilichoona ni ndoo nyekundu ya Njeri, imesimama peke yake kati ya magari. Halafu nikakuona wewe. Umelala kifudifudi, nusu ya mwili iko chini ya gari la mtu, unapitisha futikamba. Ulivaa lile koti la kahawia nililokununulia la mtumba, kofia yenye masikio, na soksi mikononi kwa sababu glavu ulisema zinakubana. Meneja wa nyumba zetu alikuwa amesimama juu yako pamoja na mlinzi. Jirani alikuwa amepiga simu kwamba kuna mzee anachunguza magari ya watu.

Meneja alinijua kwa sura. Akainama dirishani kwetu, akaniuliza, "Unamjua huyu mzee?" Bosi wangu naye akageuka, akaniangalia.

Nikasema, "No."

Na kana kwamba moja halikutosha, nikaongeza kwa kile Kiingereza changu cha ofisini kwamba labda ni mgeni wa mtu fulani humu ndani.

Wewe Kiingereza ulikifundisha kabla mimi sijazaliwa. Ulikuwa umeshainuka, matope mpaka kifuani, hatua nne kutoka nilipokaa. Ukanitazama. Hukunitazama kwa hasira, afadhali ungefanya hivyo. Ulinitazama kama mwalimu anayeita majina akakuta mtoto hayupo. Kisha ukamgeukia meneja, ukamwambia kwa sauti ya heshima, "Bibi huyu anasema kweli. Mimi ni mgeni tu. Naondoka sasa hivi." Ukaviringisha futikamba taratibu, ukaiweka kwenye mfuko wake, ukaokota ndoo, ukapita mbele ya gari letu kwenda barabarani. Nami sikufungua mlango. Sikukupa hata shikamoo.

Bosi alipoondoka nilikimbia kukutafuta, na viatu vyangu vya ofisini. Nilikukuta kituo cha basi pale Ruti 7, umekaa umepakata ndoo.

"Leo umeniruka, Subira."

"Baba, nisikilize kwanza..."

"Futi ngapi?"

Nikanyoosha mkono nikupokee ndoo.

"Nadhani umevunja rekodi," ukasema. Halafu ukainuka. "Twende, soksi zimeloa."

Tangu kituoni hadi jikoni nilikuwa nakumiminia sababu. Mkataba wa nyumba una majina mawili, langu na la Njeri, na mgeni hatakiwi kupita wiki mbili. Bosi ndiye wa kutia sahihi karatasi zangu za kukaa nchi hii. Wewe ukawa unaitikia, "Sawa. Sawa, mwanangu." Yote niliyosema yalikuwa kweli, na yote yalikuwa uongo. Ningesema ni baba yangu, meneja angenifokea kidogo, ningeomba radhi, basi. Niliona aibu, Baba. Niliona matope na soksi na ile kofia, nikaona bosi wangu ataniangalia na kujua nimetoka wapi. Nilikuonea aibu wewe, uliyenivalisha viatu vya kwanza. Hilo sikukuambia siku ile wala siku nyingine yoyote ya uhai wako.

Njeri aliposikia alishika kichwa. "Aki wewe! Ulimruka mzee? Mzee mwenye ananitengenezea chai kila asubuhi?" Hakuniongelesha siku mbili. Wewe uliniongelesha kama kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Wiki haikuisha ukabadilisha tiketi. Ulikuwa ukae mpaka mwezi wa sita. Uwanja wa ndege nilingoja useme neno, hata la kunichapa. Ulichosema ni, "Mwambie Njeri ugali wake bado laini," ukanishika bega, ukaingia na begi lako. Niliporudi nyumbani nikafungua droo ya vijiko, nikakuta futikamba imelala humo. Juu yake ile bahasha ya bili ya umeme, na mwandiko wako wa penseli: *Mara nne thelathini, 120. Bado 10.*

Ulikuwa unapima mruko. Ulitaka kuona kwa macho yako mita mia na thelathini zinafika wapi, ukaanza kwenye mapipa ya taka, ukapiga futikamba mara nne, ndoo ikiwa alama ya ulipofikia, na ulipokuwa unaianza ya tano nikaja mimi kwenye gari la maua.

Wiki iliyofuata Mama akapiga simu. "Baba yako anasema baridi ilimshinda. Mtu wa Makete, Subira! Huku kila Julai majani yaliamka meupe kwa jalidi, na yeye alikuwa nje na shati anapanga watoto mstari. Kuna nini huko?" Kumbe ulinifichia aibu yangu. Ungeweza kusema, na hukusema. Nami badala ya kusimama na ukweli, nikamjibu, "Mama, baridi ya huku ni nyingine." Hiyo ndiyo mara ya pili nilipokuruka, na safari hii hakukuwa na bosi wala meneja.

Masika ukaugua, na kabla mvua hazijakatika ukawa umetutoka. Karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, ningetoka nisingerudi. Sikuja kukuzika. Karatasi zile zile, Baba. Nilisikiliza mazishi yako kwenye kaseti aliyonirekodia Tito, nikasikia mchanga.

Jumamosi iliyopita, mchana, wakaonyesha tena wanaume wakiruka, mashindano mengine ya dunia, milima mingine. Nilitaka kuzima. Kisha mmoja akatua, mguu mbele, goti limekunjwa, na mkono wangu ukabaki hewani na rimoti. Nikaenda kwenye droo ya vijiko. Njeri alikuwa anasuka nywele. Akaniona na futikamba, akainuka bila kuuliza akanipa ndoo.

Nilianzia kwenye mapipa ya taka, kama wewe. Magari mawili yalinilazimisha kulala chini, nikalala, na koti langu la kanisani. Nilipofika mara ya nne nikasikia mtu nyuma yangu. Meneja yule yule. Akauliza kama kuna tatizo.

Nikamwambia. Nilisimama wima nikamwambia yote: "Mwaka jana kulikuwa na mzee anapima hapa, ukaniuliza kama namjua, nikasema simjui. Yule ni baba yangu mzazi, na ameshafariki." Nilisema kama mtu anayekiri mahakamani. Akanisikiliza vizuri tu. Akakuna shingo.

"Mzee gani?"

Hakukumbuka. Nilimweleza kofia, nikamweleza soksi, nikamwonyesha ndoo. Wapi! Akasema pole kwa msiba, akasogea pembeni anipishe nifanye kazi yangu. Mwaka mzima nimekosa usingizi, na mtu niliyemwambia uongo ule hana hata habari nao. Sasa ukweli nimrudishie nani?

Ndipo nilipojua barua hii ni ya nani. Mama, baridi haikumshinda. Kaka Tito, sikumtunza. Usharika wote mliokaa hapo, Mwalimu wenu alirudi mapema kwa sababu mimi, mwanawe, niliulizwa kama namjua nikasema simjui, naye akanilinda mbele ya yule mtu, na akanilinda mbele yenu mpaka alipoingia kwenye kaburi hilo. Mkitaka kunisema, nisemeni, mmepewa ruhusa. Wewe Baba ulijaliwa kunyamaza. Mimi uliniita Subira ukakosea jina, na kunyamaza kumenishinda.

Nilizipima zile kumi. Zinapita gari la mwisho, zinapita ukingo, zinaishia kwenye majani, karibu na kibao cha barabarani. Niliweka ndoo pale nikageuka kuangalia nilikotoka. Ni mbali, Baba. Ulikuwa na haki ya kubishana na tivii. Sielewi mtu anaendaje umbali wote ule halafu akumbuke kukunja goti.

Meneja alikuwa bado amesimama ananitazama. Nikatanguliza mguu mmoja, nikapiga goti hapo hapo kwenye matope, mchana kweupe, na salamu niliyokunyima siku ile nikaisema kwa sauti ambayo yeye aliisikia. Hakuielewa, lakini wewe unaielewa. Pointi utanipa mwenyewe.

Shikamoo, Baba.

Ni mimi, binti yako wa kuzaa,
Subira